Bi Ismérie Hassell na Kengele ya Saa Mbili

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Bi Ismérie Hassell, mwongozaji mkuu wa wageni na mtunza mnara wa kengele katika Nyumba ya Historia ya Gustavia, mji wa bandari wa kisiwa chetu kidogo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024. Ofisi inasema hivyo, na kalenda iliyopo pale mapokezi inasema hivyo. Mwenyewe bado hajakubaliana na yeyote kati ya hao wawili. Jana asubuhi nilimkuta akipanga zamu za mwezi wa Agosti, na nilipomkumbusha kwamba Agosti hatakuwepo, alinijibu kwamba mtu akistaafu hawi amekufa, niendelee na kazi yangu.

Kamati imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimeketi naye mlango mmoja hapa mapokezi kwa muda mrefu kuliko mfanyakazi mwingine yeyote na, kama mwenyekiti alivyoniambia bila haya, kwa sababu mimi ndiye niliyegombezwa naye zaidi.

Bi Ismérie ni mzaliwa wa hapa hapa mjini, nyuma ya bandari, katika familia ya wale ambao hawakuondoka. Watu weusi wa Gustavia waliondoka kwa wingi zamani, biashara ya bandari ilipolala na kazi zikakauka. Wakaenda kisiwa cha Saint Thomas, wakaenda kila palipokuwa na mshahara. Akina Hassell walibaki. Mgeni akimwuliza kwa nini walibaki, humwambia kwa uso mkavu kabisa, "Mashua ilijaa."

Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Clothilde, mshonaji wa nguo aliyejulikana mji mzima kwa mikono myepesi na ulimi mzito. Bibi huyo alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala. Ikifika saa mbili ya usiku na kengele ya mnara wa Waswidi, watawala wetu wa zamani, ikalia, kila mtu aliye wake alipaswa kuwa ndani. Angeacha nguo kwenye kamba, angeacha jirani na sentensi yake nusu mdomoni, akaingia na kufunga mlango.

"Kuna nini huko nje?" Ismérie mdogo alimwuliza siku moja.

"Hakuna kitu. Ingia."

"Kama hakuna kitu, mbona tunaingia?"

Jibu la swali hilo lilikuwa finyo la sikio, na kwa kuwa lilikuwa finyo la mshonaji, lilikaa siku mbili.

Mwaka 1988, Nyumba ya Historia ilipofunguliwa katika lile ghala la mawe la zamani la Waswidi, aliajiriwa kama mfagiaji. Siku hizo tulikuwa na meli ndogo za mbao ndani ya vioo, picha ya gavana mmoja mwenye nywele za bandia, na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka Uswidi. Ukutani, mahali ambapo wageni hupita haraka wakielekea chooni, palikuwa na ubao wenye amri za mji za wakati wa Waswidi. Kila mtu alikuwa ameuona. Bi Ismérie naye alikuwa ameupangusa wiki nyingi kabla hajasimama kuusoma. Amri mojawapo ilisema kwamba mtumwa yeyote asionekane barabarani baada ya kengele ya jioni, isipokuwa kwa kibali cha bwana wake.

Anasema alisimama pale na ufagio mpaka vumbi alilolifagia likarudi mahali pake.

Jioni hiyo alikwenda kwa mama yake. Bibi Clothilde alikuwa ameshafariki.

"Mama, ulijua kwa nini Bibi alikuwa akitufungia ndani?"

"Alifundishwa na bibi yake."

"Na bibi yake?"

Mama yake akafikiri, akasema, "Yule alizaliwa akiwa na mwenyewe." Kwetu hapa mtu akisema hivyo, kila mmoja anaelewa: alizaliwa mtumwa.

Kengele ya usiku yenyewe ilikuwa imeshaacha kulia miaka ya nyuma, na utumwa ulikuwa umefutwa kisiwani tangu tarehe 9 Oktoba 1847, wakati bendera ya Uswidi bado inapepea juu ya bandari. "Sheria imekufa, aliyeiandika amekufa, mfalme wake amekufa," huwa anasema, "na bibi yangu bado anakimbilia ndani." Siku ya pili aliingia ofisini na kuomba kazi ya kuongoza wageni.

Mkurugenzi wa wakati huo, mtu mwema aliyependa mzaha, alicheka. "Ismérie, una Kifaransa, una Kikrioli, una Kiingereza. Tatizo ni kwamba wageni wetu wengi ni Waswidi."

"Nipe mwaka mmoja," alisema.

Alijifunza kwa kanda za redio na kwa wapishi wa boti za kitajiri zinazotia nanga hapa majira ya baridi ya kwao. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akiwapokea wageni mlangoni kwa Kiswidi chake mwenyewe, Kiswidi ambacho wenye lugha wanasema kina pilipili.

Kuanzia hapo ndipo yalipoanza maneno yake ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo. Waswidi wanaofika hapa huja na furaha ya mtu aliyeikuta saa ya babu yake kwenye nyumba ya jirani. Wanaona majina ya mitaa, wanaona nembo yao ya mataji matatu, wanapiga picha. Bibi mmoja alimwuliza kwa upole mwingi, "Je, mliumia tulipoondoka?"

"Sidhani, mama. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana."

Halafu huwaeleza jinsi kisiwa kilivyofika mikononi mwao. "Mfalme wa Ufaransa alitaka mahali pa kuweka bidhaa zake kule kwenu, bandarini Gothenburg. Mfalme wenu akampa ghala, naye akawapa sisi. Kwa hiyo unayezungumza naye hapa ni binti wa ghala, tena amesimama ndani ya ghala." Huacha wacheke. Kisha huwaambia habari ya kura ya kurudi Ufaransa, karibu miaka mia moja baadaye, ambapo wanaume wote waliopiga kura walikubali isipokuwa mmoja. "Mtu mmoja tu alisema hapana. Na leo kila familia kisiwani inadai kuwa huyo alikuwa babu yao. Nikiwajumlisha mababu wote hao, Waswidi wangeshinda."

Lakini hakuwaacha waondoke na kicheko peke yake. Nakumbuka afisa mmoja kijana wa meli ya mafunzo, sare nyeupe, kofia chini ya kwapa, aliyemwuliza kwa nia njema kabisa, "Lakini sisi tulikuwa wakoloni wapole, sivyo, Bi?"

Alimpeleka mpaka chini ya mnara, akamwonyesha kengele, akamweleza ilikuwa ikilia kwa ajili ya nani. Halafu akasema, "Bwana awe mpole, awe mkali, kengele ililia saa ileile." Kijana alibaki akiitazama kengele. Bi Ismérie alipoona amesimama vya kutosha, alimshika mkono, akamrudisha ofisini, akamlisha bajia za samaki wa chumvi mpaka akaomba radhi kwa shibe.

Sasa nifike kwa Bwana Théodule Danet, ambaye amenipa ruhusa ya kumwandika, kwa sharti kwamba niseme bado ananyoosha mgongo. Bwana Danet ni mtoto wa kijiji cha Corossol, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale karibu na gati, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu. Hakuna paa la Nyumba hii ambalo halikupigiliwa misumari yake ya bure. Na hakuna mtu aliyemkatalia Bi Ismérie mara nyingi kama yeye.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Bi Ismérie alitaka kila tarehe 9 Oktoba, saa mbili kamili, kengele ya mnara ilie, na ikilia watu watoke nje badala ya kuingia ndani. Wapike, wakae barabarani, wacheze. Ombi hilo alilipeleka kwenye kamati mwaka baada ya mwaka.

"Bi Ismérie," Bwana Danet alimwambia katika kikao kimoja nilichohudhuria, "kisiwa hiki kilikuwa cha maskini watupu. Bibi yangu alisuka kofia za makuti mpaka vidole vikapinda. Watumwa gani unaowasema?"

"Bibi yako aliingia ndani kengele ikilia?"

"Aingie kwa nini? Alikuwa Corossol, akifanya shughuli zake."

"Basi hapo ndipo bibi zetu walipoachana njia."

Mjumbe mwingine akasema kwamba wageni huja hapa kufurahi, si kusikitishwa. "Na mimi nataka kufurahi," Bi Ismérie akajibu. "Ndiyo maana nimeomba ngoma." Ombi likakataliwa. Kamati ilimwachia ufunguo wa mnara kwa kazi ya kupaka mafuta na kufukuza popo, basi.

Alichofanya tangu alipokataliwa mara ya kwanza kinajulikana. Jioni ya tarehe 9 Oktoba alitoa viti vya jikoni kwake akavipanga katikati ya barabara, chini ya mnara. Saa mbili ilipofika aligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Walikuwepo mama yake, dada yake Philomène, na jirani aliyedhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Askari wa zamu alifika na pikipiki.

"Bi, mnazuia magari."

"Magari yapi?"

Askari akatazama upande huu, akatazama upande ule. Barabara ilikuwa tupu mpaka baharini.

"Yakija," alisema.

"Yakija utatuambia. Kaa kwanza, mwanangu, ule."

Alikula. Mwaka uliofuata alikuja na mkewe. Mimi nilipoajiriwa mwaka 2001, sharti langu la kwanza la kazi, ambalo halikuwa kwenye mkataba, lilikuwa kubeba viti. Tulikuwa wachache, na mvua ilitupata karibu kila mwaka. Sikumsikia hata mara moja akisema tuache. Mwaka ambao mama yake alifariki, alikitoa kiti cha mama vilevile, akakiweka mahali pake, na hakuna aliyethubutu kukikalia mpaka yeye mwenyewe alipomwita mke wa askari. "Kaa, mwanangu. Kiti ni cha kukaliwa."

Wasifu huu hautatimia bila safari ya Piteå. Mji huo wa kaskazini mwa Uswidi ni ndugu wa mji wetu, kwa maandishi na kwa mapenzi, ingawa sijui ni nani aliyefikiria kuwaunganisha watu wa kamba-bahari na watu wa theluji. Mwaka 2009 walimwalika akazungumze. Alikwenda mwezi wa Februari kwa sababu, kama alivyosema, akimtembelea mtu anataka amwone katika hali yake halisi. Alivaa makoti mawili na kofia ya makuti ya Corossol, zawadi kutoka kwa Bwana Danet, ambaye alikuwa amemkatalia kengele mwezi wa Oktoba na akampeleka uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe.

Ukumbi ulijaa wastaafu, maana saa ile wengine walikuwa kazini. Aliwachekesha kwa habari za ghala, kisha akawaeleza habari za kengele. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma, Sixten Norlund, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha mbao, akasimama.

"Bi, nina zaidi ya miaka sabini. Shule nilikwenda, magazeti nasoma. Kwamba nchi yangu ilikuwa na watumwa, sijawahi kusikia mpaka leo. Naona aibu."

"Usione aibu, kaka," Bi Ismérie akamwambia. "Mimi nilikuwa nafungiwa ndani kwa sababu hiyo, na nilikuwa sijui. Wewe hukuambiwa na mimi sikuambiwa. Sasa tumejua wote siku moja, tunaweza kunywa kahawa."

Anasema walikunywa kahawa mpaka walinzi wakazima taa, na kwamba kahawa ya kule ni nyepesi, lakini wanaimimina kwa moyo. Alirudi na rafiki wa barua, na mafua ya wiki tatu.

Kimbunga cha Septemba 2017 hakihitaji maelezo kwa msomaji yeyote wa hapa. Bi Ismérie alikuwa amekataa kwenda kwenye makazi ya dharura. Alisema ghala lile limeona vimbunga vingi kuliko mkuu wa wilaya. Mimi nilibaki naye kwa sababu nilimwogopa yeye kuliko upepo. Tulijifungia kwenye chumba cha nyuma, chenye kuta nene kama urefu wa mkono, na usiku kucha tulisikia mji ukichanwa nje kama kitambaa.

Alfajiri, jicho la kimbunga lilipotufikia na kimya kikaanguka ghafla, tulisikia mlango ukipigwa. Alikuwa Bwana Danet, amelowa, hana viatu. Nyuma yake alikuwa mkewe, Bi Rolande, amekumbatia sufuria ya mchuzi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Paa la nyumba yao lilikuwa limekwenda, na ngazi zikalifuata.

"Fungua, Ismérie," Bi Rolande alisema, kana kwamba mlango haukuwa wazi tayari. "Huyu kaacha pasi zetu za kusafiria, mimi nimeokoa mchuzi."

Upepo ukarudi kutoka upande wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Tuliketi sakafuni wanne, migongo ukutani. Halafu nikamwona Bwana Danet anaupapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kwenye maungio ya mawe. Mtu huyu ameuza saruji tangu ujana. Akifika kwenye harusi huangalia kwanza plasta.

"Hautikisiki," alisema. "Nyumba yangu niliijenga kwa nondo za Ulaya. Huu una chokaa tu."

"Chokaa ya makombe ya baharini," Bi Ismérie akamwambia. "Waliyachoma pale ufukweni."

"Mwashi wa ukuta huu alijua kazi. Tazama alivyofunga pembe. Alikuwa nani?"

Bi Ismérie angeweza kumjibu kwa maneno ya miaka ishirini na zaidi. Nilimwona anavuta pumzi, nikajikaza. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Hakuna aliyeandika jina lake, Théodule. Alikuwa mali ya mtu."

Nje kitu kikubwa kilibiringika barabarani, pengine gari, pengine tangi la maji. Bwana Danet alikiacha kiganja chake pale pale ukutani.

"Nami miaka yote hii nikasema hakuwepo."

"Naam," mkewe akasema. "Basi huyo uliyesema hakuwepo ndiye aliyekufunika leo. Kula mchuzi."

Tukala mchuzi baridi wa samaki kwa kijiko kimoja, tukipokezana. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na Bi Rolande asisikie, maana mchuzi wenyewe ulikuwa hauna chumvi.

Mwezi mmoja baadaye mji ulikuwa bado hauna umeme wa kuaminika. Mapaa yalikuwa ya maturubai ya buluu. Mnara ulikuwa umesimama, ila mbao zake zilikuwa zimeng'oka na kamba ya kengele imepotelea baharini. Bi Ismérie alikuwa ameniambia kwamba mwaka huo hatutatoa viti, kwa sababu viti vyake vyote vimevunjika na watu wamechoka. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba Bwana Danet akatokea mlangoni kwetu na mzingo wa kamba mpya begani.

"Hii yatosha kengele ile?"

Bi Ismérie akamtazama, akaitazama kamba. "Kamati imekaa?"

"Kamati ni mimi na wewe. Waliobaki wako juu ya mapaa."

"Basi tupige kura."

"Mimi nimeshapiga. Lete ngazi."

Alipanda mwenyewe, na umri ule, Bi Rolande akiwa chini anamtajia magonjwa yake yote kwa sauti ili asisahau lolote. Mchana habari ilikuwa imeenea. Jioni watu walianza kufika, kila mmoja na kitu mkononi: waashi Wareno waliokuja kutujengea upya, mafundi umeme kutoka kisiwa cha Guadeloupe, watu wa kijiji cha Lorient, watu wa Corossol waliotembea kwa miguu kwa sababu barabara ilikuwa bado ina miti. Hoteli hazikuwa na wageni, kwa hiyo kamba-bahari waliokusudiwa matajiri wakachomwa barabarani kwa ajili yetu. Malori mawili yaliwasha taa zake kumulika mnara.

Saa mbili kamili Bi Ismérie akaishika kamba. Nilikuwa karibu naye. Aliivuta, na ile kengele, ambayo mimi sikuwa nimewahi kuisikia katika maisha yangu ya kazi, ikalia juu ya mji usio na mapaa. Aliivuta tena. Kisha akaiachia, akasimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Aliniambia baadaye kwamba sauti ile ya kwanza ilipotoka, miguu yake ilitaka kuingia ndani. Ilibidi aiambie: tulieni, ni sisi tulioipiga.

Alitoka mlango wa mnara akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na watu wote wakapiga makofi. Mtu akaanza akodiani, mwingine ngoma. Bwana Danet alikuja mbele yake akainama kama vijana wa zamani.

Walicheza. Nitasema ukweli kwa heshima ya historia: Bwana Danet hajui kucheza.

"Unanikanyaga," Bi Ismérie alimwambia.

"Nivumilie. Nimechelewa kuanza."

Tangu mwaka ule kengele hulia kila tarehe 9 Oktoba, na barabara hujaa kiasi kwamba yule askari wa zamani, ambaye sasa ni mstaafu na mjumbe wa kamati, hulazimika kuyazuia magari kwa ajili yetu. Mzee Sixten Norlund alikuja kutoka Piteå mwaka 2019 akiwa na fimbo mbili, akakaa kwenye kiti katikati ya barabara mpaka muziki ulipokwisha, akaungua na jua siku iliyofuata hadi tukamwogopea. Ule ubao wa amri umehamishwa kutoka njia ya chooni hadi mlangoni. Kando yake, Bwana Danet alichongesha kwa gharama yake jiwe lisilo na jina kwa ajili ya mwashi wa ukuta wetu, na kila mwanafunzi wa kisiwa hiki hupita hapo kabla ya kuziona meli za mbao.

Hayo ndiyo mafanikio. Haki inanitaka nitaje pia kwamba Bi Ismérie haamini miavuli ndani ya jengo, hajawahi kurudisha kalamu aliyoazima, na alimtoa nje balozi mmoja, jina tunalihifadhi, kwa kosa la kuegemea kabati la kauri. Balozi alirudi mwaka uliofuata na kusimama wima muda wote.

Nafasi yake inachukuliwa na mpwa wake, Solange, ambaye ameshaonywa kuhusu popo.

Kwa niaba ya wafanyakazi, kamati, na wote waliowahi kubeba viti, tunakushukuru, Bi Ismérie. Ulitukuta tukipita mbele ya historia yetu tukienda chooni, ukatushika mkono ukatusimamisha, na hukutuachia mpaka tukacheka pamoja nawe. Nilipokuuliza juzi utafanya nini Jumatatu asubuhi, ulisema kwamba kwa miaka yote hii kila ulipomimina kahawa mgeni aliingia, na kwamba Jumatatu una nia ya kuinywa ikiwa moto. Basi hilo ndilo tunalokuombea, pamoja na afya njema na siku nyingi: kahawa ya moto, kikombe kizima, na mtu asibishe hodi mlangoni.

Maxence Turbé
Mapokezi na duka la vitabu, Nyumba ya Historia, Gustavia